Pimamaji

Siku ya kwanza Fundi Mwakombo aliweka pimamaji juu ya karo,
akaguna. Kiputo cha hewa kilikimbilia kushoto
kama mtoto aliyeitwa na shangazi mwenye kashata.
"Mama Rukia, jiko lako limelewa," akasema,
na nyundo ikaanza.

Ghorofa ya tatu, Ganjoni, nyumba ya zama
za ngazi za terazo na kengele zisizolia.
Miaka ishirini na mitatu nimepika humo
sufuria zikimwagikia upande mmoja,
nikidhani ni mimi nisiyejua
kupima maji ya wali.

Jiko likahamia chumbani.
Mtungi wa gesi ubavuni mwa kabati la nguo,
kinu mvunguni, mbuzi ya nazi mlangoni
ikimng'ata vidole kila aendaye msalani usiku.
Kanzu ya Ijumaa ya mume wangu ikashika bizari;
safu nzima, akasema, ilimwuliza
leo kwenu kuna nini.
Vyombo tukaviosha bafuni, tumechutama,
sisi na masufuria tukigombea kata moja.

Na vumbi.
Vumbi kwenye chumvi, vumbi kwenye nyusi,
vumbi ndani ya saa ya ukutani, ikakwama saa nne kasoro.
Nyumba nikaimeza kidogo kidogo
na chai ya asubuhi.

Bi Zuena wa chini aligonga dari kwa mpini wa ufagio,
kisha akapanda mwenyewe, anahema, na bakuli la mbaazi.
"Hayajesha?"
"Bado."
"Basi kuleni."
Zilikuwa na chumvi kali. Tulizila zote,
nami nikilia, nikasingizia saruji.

Wiki ya tatu fundi akaenda matangani, Mariakani.
Siku tatu, alisema. Mimi nilihesabu kumi na moja.
Simu yake yaita tu.
Ukuta wazi, mabomba nje
kama matumbo ya kuku aliyeachwa na mpishi.

Usiku wa Jumanne, saa nane,
maji ya mfereji yakakumbuka zamu yetu
na bomba halina koki.
Niliamka nikisikia mto.
Mume wangu akauziba kwa kidole gumba,
kisha kwa fulana, kisha kwa dua.
Tukajaza ndoo, mabeseni, madeli,
tukajaza birika la kahawa na vikombe vya wageni,
halafu tukaketi sakafuni tumelowa chepechepe,
tukicheka kwa kujibana tusimwamshe Bi Zuena,
ambaye muda wote huo
yalikuwa yakimtonea kitandani.

Fundi akarudi amenyoa kichwa.
Aliyezikwa ni mamake.
Siku kumi na moja nilikuwa nimetunga maneno,
nimeyanoa, nimeyapanga kwa ukali wake.
Nikamwandalia chai.
Alichanganya saruji siku ile polepole
kama akorogaye uji wa mgonjwa,
wala redio yake hakuiwasha.

Sasa kuna vigae vyeupe, droo zisizokwama,
sinki ambalo najiona ndani yake nimevimba mashavu.
Aliweka pimamaji. Kiputo kikasimama katikati, kimya.
"Limepata akili," akasema, akanawa mikono, akaenda zake.

Ila sinki alilipima kwa kiuno chake,
naye ni mtu wa kuchuma papai bila upondo.
Mkono wangu bado huenda kushoto kutafuta chumvi,
hugonga kigae.
Wali wa kwanza ulitoka mashendea:
nilitia maji ya jiko lile,
likawa linapika jiko hili.

Kwenye kifusi nilikuwa nimeokoa
kipande cha karo la zamani, upana wa nyayo mbili.
Nimekiweka chini ya sinki.
Nasimama juu yake kuosha vyombo,
nacho kinayumba,
kinaelemea kushoto.