Kielelezo Namba Saba

Walinipa pembe ya waraka tu,
upana wa kidole gumba, ndani ya bahasha ya kaki,
maneno manne ya hati ya Kiarabu, bila jina la mtu.
Karani wa mahakama ya kadhi alisema:
“Mambo ya nyumba, Langoni. Mwaka thelathini na nane, wanadai.
Wewe tazama wino. Ya watu tuachie.”

Chumba kilikuwa stoo ya majalada,
dirisha moja likitazama ukuta wa matumbawe
na punda wa nani sijui akijikuna hapo mchana kutwa.
Nikafunga dirisha. Nikawasha taa ya urujuanimno.

Karatasi ikang'aa buluu,
kama kanzu ya Idi iliyofuliwa kwa sabuni ya unga.
Karatasi kongwe haina mng'ao huo;
gizani hukaa kimya, rangi ya mfupa.
Nikaandika: inang'aa.
Sikuandika: inasema uongo.

Kisha wino. Niling'oa nukta ya nuni, hiyo tu,
nikaiyeyusha, nikaitua chini ya bamba la silika,
nikalisimamisha bamba ndani ya chupa ya jemu.
Hapo huna kazi ila kungoja.
Kiyeyusho hupanda kama unyevu ukutani mvua za Mei,
na kila rangi huchoka mahali pake.
Zambarau ilichoka mwanzo. Buluu ikaendelea.
Njano, ambayo jicho halikuiona kabisa, ikatangulia.
Masizi ya wino wa kale hayapandi,
hukaa pale pale ulipoyatua, hata ungoje hadi kesho.
Huu ulikuwa wino wa biro.

Likabaki doa la kahawia.
Uzee wa kweli huanzia pembezoni; huu ulianzia katikati.
Nikatuma Nairobi kipande cha punje ya mchele.
Siku kumi na tisa.
Ukarudi mstari mrefu uliolala,
vilele vimesimama juu yake, kila kimoja na dakika yake:
mafuta ya iliki, mdalasini,
kafeini, kilele kirefu kuliko vyote. Basi ni chai.
Na kati yao kimoja kifupi, nusura nikiruke.
Miristisini.

Nikakaa.

Nani hutia kungumanga kwenye chai?
Iliki, kila nyumba. Mdalasini, kila kibanda.
Kungumanga, mikwaruzo mitatu, kisha anapuliza kikwaruzo
na kusema, “Ikizidi huumiza kitwa,”
namjua mmoja,
aliyeuza bangili zake nikasome kemia.

Mashine haisemi nani.
Husema nini, na kiasi gani.
Kungumanga huuzwa duka lolote: hilo nalo niliandika,
kwa kuwa ni kweli.
Kwenye karatasi ya pili niliomba kujiondoa,
sampuli apewe mwingine, aanze upya.
Palipoandikwa “Sababu” nikapaacha wazi hadi adhuhuri,
kisha nikajaza neno moja: Udugu.

Shangazi Mwanashee alikuwa sakafuni, anachagua mchele.
Hakuinua uso.
“Kumbe ndiwe wa wino?”
“Ndimi.”
Akatupa chuya moja, akatupa ya pili.
“Kaka zangu wote walipawa karatasi.
Mimi nilipawa funguo.
Miaka arubaini nafagia ua wa watu.”

Sikuwa na bamba la kulipandishia hilo
lijitenge, haki huku, hila kule,
na njano yake, kama ipo, itangulie.
Mkoba ulikuwa begani, ripoti ndani yake,
imekunjwa mara mbili, saini yangu chini.

Akainuka kwa kushika ukuta, akamimina.
“Ndoo unwe chai, mwanangu. Ikali moto.”

Nilikipokea kikombe kwa mikono miwili.
Nikanusa kabla ya kunywa,
mara ya kwanza maishani mwangu.