Mchele Usio na Mawe

Mchele wa Wolverhampton hauna mawe.
Unauzwa ndani ya mfuko unaong'aa,
umeoshwa, umepigwa picha, umepangiwa tarehe ya kufa.
Nilipoufungua mara ya kwanza nilifurahi:
kazi imepungua.
Miaka tisa baadaye ndipo nilipojua
nini hasa kilichopungua.

Mtihani wa ufundi umeme nimeanguka mara mbili.
Mara ya kwanza nilipungukiwa alama kumi na moja.
Ya pili, nne. Nne zinauma zaidi.
Si kwamba sijui. Naijua njia ya waya
kutoka kwenye mita mpaka taa ya chooni.
Ila nikifika swali la saba akili inatoka,
haiagi,
inakwenda kutazama kama Nasra amekula,
inapita kwa mwenye nyumba, inamjibu
yale ambayo mdomo wangu haukuthubutu,
na ikirudi, saa imekwisha,
mimi bado nimeshika kalamu kama mwiko.

Basi Novemba nikanunua choroko,
nikazimwaga kwenye mchele, makusudi,
kama mtu anayetia mchanga chakula chake mwenyewe.
Ungo sina. Nina sinia la kuokea
lililoungua kona moja.
Saa kumi alfajiri, nimetoka kusafisha mabehewa ya tramu,
simu nimeifungia ndani ya oveni
(siku moja niliisahau humo nikawasha,
lakini hiyo ni hadithi nyingine),
nakaa, sijavua hata soksi za kazini,
nachambua.

Choroko huku. Mchele huku.
Nikimfikiria mwenye nyumba, kidole kinakosea,
choroko inaangukia upande wa mchele,
kijani, haina haya,
nami naona kwa macho yangu
mahali nilipotorokea.

Mama hakunifundisha umakini.
Neno hilo hakuwa nalo.
Alinisukumia ungo tu, akasema,
"Atakayevunjika jino leo ni baba yako,
na atauliza nani alichambua."

Wiki ya kwanza sikumaliza kikombe kimoja.
Ya tatu nilimaliza, kisha nikafungua kitabu
na ukurasa ukakaa kimya, ukanisubiri.
Ya nne niliharibu yote, Nasra alikuwa na homa.

Jumapili moja Bi Pritchard wa mlango wa pili
alikuja kuulizia kifurushi chake.
Akalitazama sinia. Ni dawa, au ibada?
Nikamwambia, mazoezi.
Akakaa, na koti lake la mvua mwilini,
akaanza kuchambua upande wake.
Mumewe alifariki Agosti. Tangu siku hiyo, alisema,
hajasoma gazeti likafika mwisho.
Hatukuongea tena mpaka dirisha likaingia giza.
Kifurushi alikisahau.

Februari, chumba cha mtihani kilinuka mazulia mabichi.
Swali la saba, akili ikainuka,
ikashika kitasa.
Sikuifokea. Niliiita
kama unavyomwita mtoto aliyetoka bila viatu.
Ikarudi, imenuna, ikakaa.
Swali la kumi na mbili ikatoka tena,
safari hii ikafika Chake Chake, ikaingia hadi jikoni.
Nikaifuata, nikairudisha.
Siku ile niliirudisha mara thelathini na moja.
Nilihesabu,
na huko kuhesabu nako kulikuwa kutoroka.

Majibu yatakuja kwa posta, Alhamisi, au baada yake.
Mlango wetu una tundu la barua lenye kutu,
kila likilia moyo wangu unashuka ngazi.

Jana usiku tulikula wali.
Nasra akasimamisha taya, akatia kidole mdomoni,
akatoa choroko moja, ngumu, nzima,
akaiinua kwenye mwanga wa taa
niliyoifunga mwenyewe,
akaigeuza, akaigeuza tena,
kisha akanitazama.

"Mama, nani alichambua?"