Kipepeo cha Mwezi wa Saba

Saa saba mchana umeme ukakatika Ibra.
Eesi ikakohoa mara mbili, ikanyamaza,
na wajukuu watatu wakanigeukia
kana kwamba waya nimeukata mimi.

"Bibi, sasa tufanye nini?"
Vaeni ndara, nikasema, mchanga unaunguza.
Twendeni mitendeni, kwenye falaji.
Maji ya kule hayalipiwi bili.

Jani la kusukia halifuatwi juu ya mti.
Liko chini; wakataji wameliacha wiki iliyopita
waliposhusha tende za mwanzo.
Ila tazama miba kabla hujashika.
Thuwaiba alishika.
Tone moja la damu, kilio cha ndoo nzima.

Chana kila ukuti kwa ukucha,
upana usizidi kidole cha mtoto.
Zilaze chane majini, jiwe juu yake,
kwa kadiri ya Yasini moja
ya msomaji asiye na haraka.
Jani kavu lina kiburi: ukilikunja, linavunjika.
Likishiba maji linakubali lolote.

Halafu moja juu, moja chini,
moja juu, moja chini,
ukikosea fumua, hakuna aliyekufa.

Mama yangu alipofika hapa kutoka Wete
aliuita msuko huu ukili.
Jirani yetu Bi Ghaniya, ambaye karafuu
aliijua ya ndani ya kopo tu, aliuita safifa.
Walibishana barazani hadi Magharibi,
kila mmoja akimvuta mwenzake mkono
amwoneshe alipokosea,
na msuko ulikuwa ule ule.

Ukitaka rangi, chemsha maganda ya komamanga.
Sisi hatukuchemsha. Nani awashe jiko kwa joto lile?
Mpini ni uti wa kuti, umechongwa kwa kisu cha jikoni.
Ukingo umeshonwa kwa sindano ya magunia,
na mshono umekwenda upogo, sifichi.

Mohana, wa miaka mitano, akakigeuza-geuza.
"Bibi, anaruka?"
Nani?
"Kipepeo."
Kinapepea, nikamwambia. Hiki ni kitu, si mdudu.
Sema kipepeo changu, kizuri, kinapepea.
(Katika nyumba yangu ngeli haichezewi.
Kiarabu watakipata shuleni, hiki watakipata wapi?)
"Basi kwa nini jina lao ni moja?"

Sikuwa na jibu. Nikampa chane nyingine.

Akadai macho. Kaka yake Hilali
akatoboa kokwa za tende kwa msumari:
kumi zilitobolewa, nane zikapasuka,
mbili zikashonwa, moja juu kuliko mwenziwe,
na kitu changu kikaanza kunikodolea.

Alasiri umeme ukarudi.
Tukasikia friji za mtaa mzima zikiguna,
na watoto wakatoka mbio
wakaniachia jani, maji na matope.
Nikabaki kuzikusanya chane,
nikinung'unika peke yangu, goti likilia.

Nilipoingia sebuleni
Thuwaiba na Hilali walikwishazama kwenye simu.
Mohana alikuwa juu ya mito mitatu,
mkono umenyooka, jasho linamchuruzika,
anaipepea eesi.
"Imechoka, Bibi. Haijapumzika tangu Ramadhani."

Usiku nikapita kuwafunika.
Kwenye mto wake, ubavuni,
macho ya kokwa yalikuwa yamefunikwa
kwa pembe ya leso yangu ya kichwa.
"Shhh," akanambia, nusu amelala,
"kipepeo wangu amelala."

Kimelala, nilitaka kusema. Kipepeo changu kimelala.
Neno lilinifika kwenye meno.

Nikazima taa,
nikauvuta mlango polepole,
nisije nikamwamsha.