Amri Batili

Saa tisa usiku, Mwanjelwa. Baridi ya Juni
imepenya dirisha hadi kwenye vidole.
Nimevaa sweta mbili na kitenge cha mama,
na mashine pepe imekufa tena, mara ya kumi na nne,
palepale, kwenye baiti mbili.

Mgeni wangu ni programu ya kupimia chai.
Alizaliwa Rungwe, ndani ya kompyuta
iliyoungua radi ilipopiga kiwanda.
Nimemjengea mwili wa kuigiza:
kila amri anayotamka naisoma, naitenda,
jumlisha, hamisha, ruka, rudi,
naye anaamini yumo kwenye chuma chake.

Ila amri hii moja haimo kitabuni.
Nimepekua hadi kurasa zilizotafunwa na mende.
Juzi nilidhani ni takataka tu,
nikamwambia: piga hatua, jifanye hukuiona.
Akapiga hatua. Asubuhi yake Mzee Ambindwile
akatua kilo arobaini za majani mabichi mizanini,
karatasi ikamtolea sifuri.
Aliikunja mara nne, akaitia ndani ya kofia.
Hakusema kitu.

Huyo apigaye hatua bila kuelewa
namjua. Ni mimi, simuni, na bibi wa Tukuyu:
anashusha Kinyakyusa cha ndani, kile cha zamani,
nami najibu ndaga, ndaga fijo,
hata siku ile aliyokuwa ananiambia
(nilikuja kujua baadaye)
kwamba ng'ombe amekufa.

Saa kumi kasoro, nasoma mistari ya jirani.
Kumbe kabla ya amri ile mgeni ameandaa mlango,
mahali pa kukimbilia endapo atakataliwa.
Hakukosea. Alikuwa anauliza.
Alitaka kujua yumo katika mashine ya kale au mpya,
na jibu alilolitegea sikio ni moja:
sijui.

Nafuta hatua yangu ya uongo. Naandika:
usife, usiruke.
Kielekezi kibaki juu ya neno lenyewe,
kila kitu chake kikae kilivyokuwa,
kisha umkabidhi kosa mkononi
apite mlango alioujenga mwenyewe.

Nawasha. Feni inakoroma.
Halafu herufi za kijani, moja moja:
MIZANI TAYARI.

Nje ukungu umeila Loleza yote,
mashine ya kusaga ya jirani imeanza kukohoa.
Kukicha nitampigia bibi.
Ataniuliza nimelalaje; hilo ninalo.
Likija lile lingine, sitapiga hatua.
Neno hilo sina, bibi. Nipe tena.