Thelathini kwa Mia

Gari limeegeshwa uani kwangu, Maweni,
pua likiielekeza barabara ya Lamu
kana kwamba lishaitwa.
Nimepanda ngazi, nafungua skrubu za taa ndefu ya paani.
Kumi na mbili. Mbili zimeliwa na chumvi,
zimebaki unga wa kijani kiganjani.

Tsofa, dereva, amekalia ndoo, anatafuna mahamri ya jana.
"Taa hii ina nguvu za kipumbavu," asema.
"Juzi daraja la Sabaki mvua ilinishika,
wekundu wangu mwenyewe ukanirudia usoni,
nikaendesha kama mtu aliyezabwa kofi.
Ipunguze. Sikusema uizime. Ipunguze."

Kijitabu chake ni cha Kichina, kurasa tatu,
na mchoro wa waya usiofanana na waya.
Kipima-umeme changu ni cha Kitaliano,
nilikinunua kwa bwana mmoja aliyefunga hoteli akarudi kwao.
Kati ya lugha hizo mbili nahesabu kwa Kiswahili:

waya wa zambarau uguse chanya, uachie,
taa inapepesa mara moja: nguvu zote.
Gusa tena, mara mbili: nusu.
Gusa, mara tatu: thelathini kwa mia.
Ukishikilia hadi tano inasahau yote uliyoifunza,
inarudi kwa mamake kiwandani.
Nimeshikilia hadi tano mara nne.
Kidole kinatetemeka. Tuseme ni jua la saa saba.

Mchana huwezi kuijua nusu wala robo,
kila rangi ni maji mbele ya jua la Malindi.
Kwa hiyo tukavuta turubai juu ya paa na vichwa vyetu,
watu wazima wawili gizani saa saba mchana,
tukinusa dizeli na dawa ya kuoshea machela,
tukibishana juu ya wekundu.

Humo ndimo nilimomwambia.

Mwaka ule wa mke wangu gari lilikuja Kisumu Ndogo
usiku wa manane. Lilisimama mlangoni nusu saa,
machela haikuweza kukata kona ya ukumbini.
Na taa hii, au dada yake, ikazunguka,
ikaingia kila dirisha bila hodi.
Mtaa mzima ukatoka na kanga mabegani.
Waliuona mguu wake. Waliiona shuka.
Mtoto wa jirani akacheza na kivuli chake ukutani,
mkono mwekundu, mkono wa buluu,
wala simlaumu. Nani asingecheza?

Najua: mficha maradhi, kifo humuumbua.
Lakini kuna kuficha na kuna kusitiri,
na baina yao pana waya mmoja mwembamba.

Tsofa akaacha kutafuna.

Waya huo nikaupitisha chini ya kiti hadi breki ya mkono.
Ukiivuta, gari likitua mlangoni pa mtu,
taa inajishusha yenyewe.
Ukiiachia, mbio zimeanza, inarudisha ukali wake wote.
Hakuniagiza hilo. Kwenye risiti nimeandika:
kupunguza mwanga, kazi moja.

"Na wasipoliona?" akauliza.
"Wanaolihitaji wataliona."
Jibu tamu. Hata mimi sikulimeza lote,
malori ya chumvi ya Gongoni hayaoni hata mchana.
Nikatafuta arobaini. Taa haijui arobaini,
ina ngazi tatu tu. Aliyeiunda
hakuwahi kupanga chumba mtaani kwetu.

Jana, saa nane za usiku, dari langu likapata rangi.
Hafifu, kama mtu anayesema huku amefunika mdomo.
Pepesa mbili, kituo. Pepesa mbili, kituo.
Nikajua ni kazi yangu.
Sikujua ni kwa nani.

Nikainuka. Mkono ulishafika kwenye komeo la dirisha.
Nikaurudisha.