Mstari wa Saba

Mkasi wangu wa uzi
sasa unakata na vidonge.
Nakiweka kimoja juu ya kisahani kisicho na kikombe,
nabana, tak,
nusu inaruka chini ya mkeka
nami naifuata kwa magoti
kama kuku aliyeona mtama.
Unga uliobaki naulamba kidoleni.
Mchungu. Mchungu wa shilingi mia mbili.

Haya, tuhesabu, maana kazi yangu ni kuhesabu:
kofia moja ya mkono,
kila tundu nimelizungushia uzi mwenyewe,
siku tisini.
Shaame anatoka Wete na pikipiki, anafika Mtambwe na vumbi lake,
anaikunjua, anaipuliza, anaitazama juani,
anatoa elfu thelathini na tano.
Vidonge vya siku hizo tisini,
kimoja alfajiri, kimoja baada ya Isha,
elfu thelathini na sita.

Hiyo elfu moja isiyopatikana
ndilo shimo ninaloangukia.

Na hapo sijala.
Ananilisha wifi yangu, Riziki,
na hajapata kunihesabia tonge.
Ila tangu nilipoungua mkono
mafiga ni yake peke yake.

Hospitali, dirisha la dawa lina kijana mpole.
"Zimekwisha, dada. Labda wiki ijayo.
Kama una haraka, duka lile pale."
Nina haraka?

Kombe nimelinywa, ubani nimefukizwa.
Aya sizitilii shaka,
wala hazikunidai risiti.
Lakini wanaosema nina shetani
waniambie ni shetani gani huyu
anayejua tarehe za mwisho wa mwezi.

Rajabu nzima nilimeza nusu nusu
ili Shaabani inikute na akiba.
Mstari wa saba niliuanza asubuhi.
Ikaja ile harufu ya chuma, nikasema "Riz"

Nilipozinduka nililazwa ubavu,
kanga ya Riziki chini ya kichwa,
ulimi umevimba,
na kofia ngumini, na sindano ndani yake.
Uzi haukukatika.
Alichelea kunifumbua vidole.

Hapo mstari wa saba umepinda:
mshono mmoja mrefu, umeruka matundu manne,
kama mtoto aliyevuka barabara bila kutazama.
Kuufumua nitake uzi mwingine. Uzi nao una bei.

Shaame akaikunjua, akaipuliza, akaitazama juani.
Kidole kikasimama.
"Hapa ulisinzia?"
"Nilisinzia."
Akapunguza elfu tano.

Elfu tano ni vidonge ishirini na tano.
Siku kumi na mbili
na nusu.
Hiyo nusu naijua.

Nimeanza nyingine.
Riziki amesogeza ungo wake,
yu karibu kuliko jana,
goti lake linagusa langu.
Anajifanya anachambua mchele.