Siku ya Nne

Kitendawili. Tega.
Akioga hashikiki, asipooga anatulia.
Usiniambie sabuni, usiniambie kambare.
Ni nywele zangu za singa,
zinazoishia nyuma ya magoti;
nisipoangalia, nazikalia.

Jumamosi nazifua. Nasema nazifua
kwa sababu ni kazi ya mashuka: mabeseni mawili, birika tatu,
kijiko cha siki, na mgongo unaouma.
Upepo wa Liepaja hauna adabu, hupita chini ya mlango,
kwa hiyo nakaa kando ya jiko mpaka saa nne usiku,
kichwa kizito kama ndoo iliyotoka kisimani.

Jumapili hazinisikii.
Zimeumuka, zinang'aa, zinanukia siki na mvua.
Nasuka mkia wa mapande matatu, naufunga kwa utepe,
nageuka kuchukua kikombe,
umeshafumuka,
kimya kimya, kama mtoto aliyeruka ua wa shule.
Pini imo ndani ya uji.

Mama yangu Skaidrite hakubishana na nywele safi.
Mgeni huyo, alisema, siku mbili mwache;
bana nusu juu kwa kibanio cha mbao, nusu zitembee.
Siku ya tatu ndiyo ya jembe.
Hapo mafuta yameanza kushuka kutoka utosini,
unywele kwa unywele unashikana mkono,
na siku ya nne, ah, siku ya nne
suka taji, lizungushe kichwa kizima,
pini nne tu, nenda kapakue mikate tangu alfajiri,
rudi jioni: halijasogea.
(Ya tano tusidanganyane. Ni kitambaa.)

Mwezi wa pili kiharusi kilimpitia mama upande wa kulia.
Mkono uliokuwa ukinisuka gizani, umeme ukikatika,
ukawa unalala mapajani kama glavu ya mtu mwingine.
Bwana Ojars wa mazoezi akampa mpira mwekundu wa kufinya,
akampa na vijiti vya kuchomeka kwenye ubao.
Mpira aliufinya mara mbili, akautupia paka.
"Mimi si mtoto."

Nikaja Jumapili, nywele zimetoka kuoshwa,
nikakaa sakafuni, nikampa mgongo.
Vidole vikazama, vikafumba,
zikateleza zote.
Tena. Zikateleza.
Nilisikia pumzi yake. Sikugeuka.

Tangu hapo naja Jumatano.
Utosi unameremeta kama mkate uliopakwa siagi,
kazini Gunta ananisogezea kofia bila neno,
na mimi naona aibu kidogo, si sana.
Siku ya nne nywele zina huruma:
zinakaa zinapowekwa, zinamngojea,
pande la kushoto, la kati,
anapumzika,
la kulia.
Dakika arobaini kwa msuko wa shibiri tatu.
Unakwenda upande, kama ua baada ya dhoruba.
Nalala nao. Naenda nao kuuza mikate.
Mteja mmoja aliuliza kama nimesukwa na mwanangu;
nikasema ndiyo, yule mkubwa.

Jumatano iliyopita alimaliza, akakaza utepe kwa meno,
akaupima msuko kwa kiganja, toka chini mpaka juu.
Akanusa vidole vyake, akakunja uso.
"Vizma," alisema, "wiki ijayo usinidekeze.
Zioshe kwanza."